Mgomo Unapobisha Hodi Jikoni

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuharisha kwa watoto wakati wa mvua, na tunawashukuru wote mliotuandikia. Mwezi huu tunalo jambo ambalo si la vidonge wala chanjo, lakini limetukaa moyoni, nasi tumeona tusilinyamazie.

Alhamisi moja, baada ya kipindi cha akina mama kanisani, mama mmoja alibaki nyuma. Alikuwa anakunja mikeka polepole, mmoja mmoja, mpaka wenzake wote walipoondoka. Kisha akaja akakaa karibu nasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanetu. Kuna nini?"

Mume wake ni mzoa taka. Miaka saba sasa anatembea nyuma ya gari la taka la mji, anapakia mifuko na mapipa, na kwa miaka yote hiyo bado anahesabiwa kuwa kibarua. Hana mkataba, hana bima, na siku asipofika hiyo siku halipwi. Sasa chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeitisha mkutano Jumamosi, na neno lililokuwa likizunguka ni mgomo.

"Mama, nimekuja kuuliza mambo mawili," akasema. "La kwanza, kugoma ni dhambi? La pili, wakigoma, tutakula nini?"

Tunaona aibu kuandika jibu letu, lakini tutaliandika. Tulimwambia kwamba kazi siku hizi ni adimu, kwamba vijana wengi wanaitafuta hiyo hiyo ya taka na hawaipati, na kwamba mke mwenye hekima angemwomba mumewe avumilie. Tulilisema kwa sauti ya upole, kama tunavyosema na mgonjwa.

Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Nimemwambia avumilie miaka saba, mama. Sasa tazama."

Ndipo akatueleza kwamba siku tano kabla ya hapo mumewe alichomwa mkononi na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko wa taka. Glavu hana. Wanajifunga mifuko ya nailoni mikononi, na mfuko wa nailoni hauzuii sindano. Alinawa kwa maji ya chupa, akaendelea kupakia. Hospitali hakwenda, kwa maana kwenda hospitali ni kupoteza ujira wa siku.

Sisi ni wauguzi. Tunajua sindano ya namna ile haitoki sokoni. Imetoka mahali ambapo mtu mwenye mafunzo kama yetu alipaswa kuitia ndani ya boksi maalumu la sindano, naye akaitupa na taka nyingine. Tunajua pia kwamba mtu aliyechomwa hivyo anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha akimbilie hospitali, maana dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72, na zinamezwa kwa siku 28. Siku tano zilikuwa zimepita. Na sisi tulikuwa tumemwambia mkewe habari ya uvumilivu.

Usiku ule hatukulala vizuri.

MJI WA MEMPHIS, MWAKA 1968

Katika kutafuta jibu lililo bora kuliko lile la kwanza, tulirudia habari moja ambayo tuliwahi kuisoma zamani tukaipita juu juu. Wengi wetu tunajua kwamba Mchungaji Martin Luther King aliuawa kwa risasi katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, huko Marekani. Ni wachache wanaojua alikwenda kufanya nini. Alikwenda kwa ajili ya wazoa taka.

Wazoa taka wa Memphis walikuwa karibu wote watu weusi. Walibeba taka kutoka nyuma ya nyumba za watu ndani ya mabeseni makubwa, mengine yametoboka, na uchafu uliwatiririkia mabegani. Walilipwa dola 1 na senti 60 hivi kwa saa, au zaidi kidogo, na wengi wao, pamoja na kufanya kazi wiki nzima, walikuwa bado maskini kiasi cha kustahili msaada wa serikali. Siku za mvua kubwa walirudishwa nyumbani na ujira wa saa mbili tu. Mwishoni mwa Januari 1968 vibarua weusi wa idara ya maji machafu walirudishwa hivyo, huku weupe wakibaki na kulipwa siku nzima.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Februari, mvua ilinyesha tena. Wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga ndani ya gari lao, sehemu ya nyuma, mahali pa kushindilia taka. Gari lilikuwa bovu, na wafanyakazi walikuwa wamelilalamikia. Mtambo ukajiwasha wenyewe ukawavuta ndani. Wote wawili walikufa.

Sasa sikilizeni, akina mama, yaliyofuata nyumbani. Mke wa Walker alikuwa mjamzito. Kwa kuwa waume zao walihesabiwa vibarua, wajane wale hawakuwa na fidia ya ajali kazini. Mji uliwapa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Basi, imekwisha.

Tarehe 12 Februari wafanyakazi wapatao 1,300 hawakwenda kazini. Hawakupata amri kutoka makao makuu ya chama. Walikuwa wamechoka.

WALIDAI NINI HASA

Tuwe waangalifu hapa, kwa kuwa watu wengi wanadhani mgomo siku zote ni wa fedha. Fedha walidai, ndiyo. Lakini jambo lililoushikilia mgomo ule kwa zaidi ya miezi miwili lilikuwa jingine: walitaka mji ukitambue chama chao, na ada ya chama ikatwe kwenye mshahara.

Kwa nini ada? Wale wenye waume serikalini wataelewa. Ada inayokusanywa kwa mkono mlango kwa mlango haikusanyiki. Mwezi huu mtoto anaumwa, mwezi ujao kuna karo, na chama kinakufa kwa njaa. Ada inayokatwa kabla mshahara haujatoka inakifanya chama kiwe na ofisi, kiwe na mwanasheria, kiwe na mtu wa kumtetea kibarua aliyefukuzwa. Mwanzilishi wa chama kile, Bwana T. O. Jones, yeye mwenyewe alikuwa mzoa taka aliyefukuzwa kazi mwaka 1963 kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake. Tawi lao, namba 1733, lilipata hati yake mwaka 1964 chini ya chama kikubwa cha watumishi wa majimbo na manispaa cha Marekani. Lakini mji ulikataa kuzungumza nalo.

Meya alikuwa Bwana Henry Loeb, aliyeingia ofisini mwezi Januari mwaka ule ule. Alishikilia kwamba mtumishi wa umma hana ruhusa ya kugoma, na kwamba hakuna mazungumzo mpaka warudi kazini. Akaajiri watu wengine, na magari ya taka yakatembea na ulinzi wa polisi.

Wafanyakazi wakabeba mabango yenye maneno machache tu, yaani "Mimi ni mwanamume", au kwa maana yake kamili, "Mimi ni mtu". Wasomaji wengine watauliza, kwa nini mtu mzima aandike jambo lililo wazi hivyo? Ni kwa sababu huko mtu mweusi aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Neno hilo sisi si wageni nalo. Babu zetu waliopika na kufua katika nyumba za wazungu waliitwa boi mpaka mvi zikawajaa kichwani.

KANISA NA JIKO

Mgomo ule ulianza na kasoro moja ambayo sisi watu wa afya tuliiona mara moja. Ulianza wakati wa baridi. Taka za wakati wa baridi haziozi haraka wala hazinuki sana, kwa hiyo mji ungeweza kungoja. Mwenye njaa hawezi kungoja. Nani basi aliyewashika mkono wale watu 1,300 na watoto wao kwa siku 65?

Makanisa, na jikoni mwa makanisa kulikuwa na akina mama. Tarehe 22 Februari wafanyakazi na watu waliowaunga mkono waliujaza ukumbi wa madiwani wakakataa kutoka. Wanawake wakaleta mikate na nyama wakaandaa chakula palepale ndani ya ukumbi. Kesho yake, katika maandamano, polisi waliwapulizia watu dawa ya kuwasha macho, wachungaji wakiwamo. Jambo hilo liliwaamsha wachungaji waliokuwa bado wanasitasita. Wakaunda umoja wao, ukiongozwa na Mchungaji James Lawson, na kuanzia hapo sadaka za Jumapili zikawa zinakwenda kulipa kodi za nyumba za wazoa taka na kununua vyakula vya kugawa. Kanisa la Clayborn Temple likawa mahali pa kukutania na kuanzia maandamano.

Tena watu waliombwa wasinunue kitu katika maduka ya katikati ya mji. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kila mama anajua Pasaka ni nini kwa mtoto wa kike anayengoja gauni. Waliombwa Pasaka ile wasinunue nguo mpya. Tulipofika hapo tuliliweka karatasi chini. Gauni la mtoto ambalo halikununuliwa lilikuwa na nguvu kuliko mapipa yaliyojaa, kwa kuwa wenye maduka walihesabu hasara na wenye maduka meya aliwasikiliza.

Tarehe 18 Machi Mchungaji King alifika akahutubia maelfu ya watu katika kanisa la Mason Temple. Aliwaambia kwamba mzoa taka ana umuhimu ule ule alionao daktari, kwa sababu asipoifanya kazi yake magonjwa yataenea. Sisi ambao tumeuguza wagonjwa wa kipindupindu tunalijua neno hilo kwa macho yetu. Tumewatundikia dripu watu waliougua kwa sababu mfereji wa mtaa wao uliziba. Lakini hatukuwahi kumtazama mtu wa gari la taka kama mfanyakazi mwenzetu wa afya.

Hatutaki kuwapamba watu. Tarehe 28 Machi maandamano yaliharibika. Vijana wengine walivunja vioo vya maduka, polisi wakapiga watu, na kijana wa miaka 16, Larry Payne, akapigwa risasi na polisi akafa. Huyu naye alikuwa na mama yake. Mwenye kuitisha mgomo na akumbuke kwamba mkusanyiko wa watu wenye uchungu ni kama maziwa jikoni. Ukigeuka kidogo yamekwisha mwagika.

King alirudi ili waandamane tena kwa amani. Tarehe 4 Aprili, akiwa amesimama kwenye baraza la hoteli ya Lorraine, akauawa. Alikuwa na miaka 39. Tarehe 8, siku moja kabla ya kumzika mumewe, mama Coretta Scott King alikuja Memphis na watoto wake watatu akatembea mbele ya maelfu ya watu, kimya kimya, kwa ajili ya wazoa taka. Wote tuliowahi kufiwa tunajua siku moja kabla ya mazishi ilivyo. Yeye aliitoa siku hiyo.

Tarehe 16 Aprili mapatano yakapatikana. Mji ulikitambua chama, njia ya kukata ada ikapatikana, na nyongeza ikawa senti 10 kwa saa kuanzia Mei na senti 5 nyingine Septemba. Senti 15! Mtu akitazama fedha peke yake atasema mgomo ule haukuzaa kitu. Lakini tangu siku ile kibarua akionewa alikuwa na mtu wa kumsemea. Hata hivyo si yote yaliyonyooka. Wazee wengi wa mgomo ule walistaafu bila pensheni ya mji, na ilichukua mpaka mwaka 2017, karibu miaka 50, ndipo Memphis ilipotangaza kuwapa wachache waliosalia dola 50,000 kila mmoja.

JE, NI DHAMBI?

Turudi kwa mama yetu na mikeka yake. Swali lake la kwanza tulilijibu vibaya, na leo tunalijibu upya mbele yenu.

Maandiko yana maneno makali juu ya ujira, na mara nyingi hayamkemei anayedai bali anayezuia. Someni Kumbukumbu la Torati 24:14 na 15, na Yakobo 5:4, kisha mjiulize ujira wa nani unaongelewa pale. Kuomba glavu si uasi. Kuomba mkataba baada ya miaka saba si tamaa.

Lakini mgomo wa watumishi wa umma una uzito ambao mgomo wa kiwandani hauna. Kiwanda kikisimama anayepata hasara kwanza ni mwenye kiwanda. Gari la taka likisimama, anayepata hasara kwanza ni jirani, na hasa jirani maskini, kwa sababu mwenye gari lake ataipeleka taka mbali. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma tangu Juni mpaka Novemba. Madai yao sisi tunayaelewa, maana ni yetu pia. Lakini mama aliyefika na uchungu wa kuzaa akakuta wodi haina mtu hakuwa mshiriki wa ugomvi ule. Ndiyo maana mgomo ni dawa kali, kama zile dawa tunazozifungia kabatini. Zipo kwa ajili ya kutumika, lakini si za kuanzia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua haki ya kugoma, na inaiwekea hatua zake: kwanza usuluhishi, kisha kura ya wanachama, kisha taarifa kwa mwajiri. Sheria hiyo pia inazitaja huduma za lazima, kama vile maji na usafi, umeme, afya na zimamoto, ambazo wafanyakazi wake wamewekewa kizuizi, na madai yao hupelekwa kwa wenye kuamua. Watumishi wa umma wana taratibu zao nyingine tena. Kwa hiyo mumeo asiseme tu "tunagoma". Aulize chama chake: sisi tumo katika fungu lipi? Tumefuata hatua gani? Barua tuliyoandika iko wapi? Kuacha kazi bila hatua hizo kunaweza kumpotezea kazi, na hapo hata chama kitashindwa kumtetea.

Na sisi wengine tusijitoe. Mwajiri wa mzoa taka wa mji, mwishoni mwa yote, ni sisi wakazi. Ada ya taka tunapoikwepa, mshahara wa yule mtu ndio tunaoukwepa.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Swali la pili lilikuwa la chakula. Haya ndiyo tuliyoongea na yule mama mara ya pili, tulipomfuata nyumbani kwake.

Kwanza, kaeni wawili mhesabu kabla, si baada. Unga wa mwezi ni kiasi gani, kodi ni lini, nani mnadaiwa. Mwenye nyumba na mwenye duka waambieni mapema. Mtu aliyeambiwa mapema huvumilia kuliko aliyekimbiwa. Kama mko katika kikoba, msichukue mkopo wa kula bila kujua utarudishwaje.

Pili, mume asiyekwenda kazini ni mgeni nyumbani mwake. Atakuwa mkali kwa watoto, au atanyamaza, au ataitafuta chupa. Tunawasihi, akina mama, neno lile la "wenzako wanatafuta, wewe umekaa" lisitoke kinywani mwenu. Mtu anayedai aitwe mtu barabarani asirudi kupokonywa jina hilo sebuleni. Mpe kazi ya kufanya: apeleke watoto shule, achote maji, atengeneze banda la kuku. Na ukiona halali, hali, anasema maneno ya kukata tamaa, mlete kituo cha afya kama unavyomleta mwenye homa.

Tatu, mwambie unayoyaogopa. Mke ana haki ya kusema, "Ninaogopa." Ana haki ya kuuliza chama kimepanga nini kwa ajili ya familia. Mgomo unaamuliwa mkutanoni, lakini unabebwa jikoni, na anayebeba anastahili kuulizwa.

Nne, ninyi ambao waume zenu hawagomi: taka zikikaa mtaani, tenganisheni mabaki ya chakula na vitu vikavu, fukieni mabaki hayo shambani au shimoni, funikeni mapipa, chemsheni maji ya kunywa, nawisheni watoto kwa sabuni. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti mara moja na mumlete kituoni. Na msiwatukane wafanyakazi wale. Wapelekeeni watoto wao kopo la unga.

Tano, na hili ni la wauguzi wenzetu na la kila mwenye mgonjwa wa kisukari anayejichoma nyumbani: sindano haitupwi kwenye mfuko. Itieni ndani ya chupa ngumu ya plastiki, mfunge kifuniko, mrudishe kituo cha afya. Kuna mkono wa mtu chini ya ule mfuko.

MWISHO WA HABARI

Yule mama ameturuhusu kuyaandika haya bila jina. Tulimleta mumewe kwenye kipimo tukiwa tumechelewa, na ikabidi tungoje pamoja: kipimo cha kwanza, cha wiki sita, cha miezi mitatu. Ilikuwa miezi mirefu. Alhamisi baada ya Alhamisi mama yule alikuja kwenye kipindi, akaimba na wenzake, na ni sisi wawili tu tuliojua anachoomba. Kipimo cha mwisho kilikuja safi. Tulikaa naye kwenye benchi la nje, hatukusema kitu, akalia mpaka kitenge kikalowa.

Mgomo haukufanyika. Baada ya mkutano ule wa Jumamosi chama kiliandika madai, wenye mamlaka wakakubali kukaa nacho, na baada ya vikao vitatu glavu na mabuti yakatolewa. Mikataba bado inazungumzwa, na hatujui itaishaje. Wakati mwingine neno "tutagoma" likisemwa na watu walioungana, mgomo wenyewe hauhitajiki. Lakini lisingesemwa, glavu zisingetoka.

Juzi asubuhi tulisikia gari la taka likipiga honi mtaani kwetu. Tumekaa mtaa huu miaka mingi, na siku zote tulikuwa tunautoa mfuko na kurudi ndani. Safari hii tulitoka tukasimama. Mume wa yule mama alikuwa nyuma ya gari, amevaa glavu nyekundu zilizompita vidole. "Shikamoo, mama," akasema. Tukamwitikia, tukamuuliza watoto hawajambo, tukampa chupa ya maji ya kunywa. Gari likaondoka. Lilikuwa jambo dogo sana, nalo lilituchukua miaka mingi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni mara ngapi tumemshauri mtu avumilie kabla hatujamuuliza anavumilia nini?

2. Wafagia barabara na wazoa taka wa mtaa wetu tunawajua kwa majina? Wana vifaa vya kazi?

3. Kama familia moja ya ushirika wetu ingekosa mshahara kwa miezi miwili, kikundi chetu kingefanya nini wiki ya kwanza?

Tuandikieni majibu yenu. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya shinikizo la damu kwa mama mjamzito. Bwana awabariki.